Kurasa Mbili za Vesna

Msimulizi alipomleta mgeni kwenye lango la ngome, Thea alikuwa na kipande cha jibini mdomoni.

"Anavua glavu, kidole baada ya kidole," alisema Orville Brandvold kwa ile sauti ya chini aliyowawekea watu wabaya. "Anawapitia nyote kwa macho, kisha anamwangalia Vesna peke yake. Anasema: 'Tuanze tena, polepole.'"

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, saa nane na nusu mchana, katika mji mdogo kando ya mto Chippewa. Wote wanne walikuwa katika chumba cha chini ya nyumba ya Orville, kama walivyokuwa kila Jumapili tangu theluji ya kwanza. Orville, mwalimu mstaafu wa fizikia, ndiye aliyesimulia. Dunia yote ya mchezo, na mvua zake, na majoka yake, ilitoka kinywani mwake. Wengine watatu kila mmoja alimbeba mtu mmoja wa kubuni, akamsemea na kumwamulia, na palipokuwa na hatari, dadu zilirushwa. Lyle Kaczmarek, dereva wa lori la kukwangua theluji, alikuwa shujaa mwenye shoka. Mai Kou Vang, mfamasia, alikuwa kasisi asiyeamini chochote. Thea, fundi wa meno bandia, alikuwa Vesna mchora ramani.

Maneno ya mgeni hayakumshtua. Alikuwa ameyaandika mwenyewe.

Desturi ya meza ilikuwa hivyo. Kabla ya kisa kipya kuanza, kila mchezaji alimwandikia msimulizi kurasa mbili za maisha ya mhusika wake: alikotoka, aliyempenda, aliyemkimbia. Wachezaji wenzake hawakuzisoma. Msimulizi alizihifadhi, na miezi ikipita alichomoa humo mtu mmoja, akamleta mezani bila taarifa. Wachezaji waoga walijua kinga yake, nayo ni kuandika yatima. Asiye na mama hawezi kutekewa mama. Kwa miaka mitatu Thea aliandika yatima mmoja baada ya mwingine, hadi Lyle akamuuliza kama ana kituo cha watoto anachokifadhili. Msimu huu Orville alimvuta kando. "Mtu asiye na jana sina pa kumshika," alimwambia. "Wala sina pa kumpendea."

Kauli hiyo ilimkaa. Siku mbili baadaye aliandika kurasa mbili bila kuinua kalamu. Nyumba ya Ohio aliigeuza ngome, na mumewe, Royce, akamfanya Bwana wa Hask. Mengine aliyaacha yalivyo: kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichovunjwa kwa droo, uzi uliotegwa mlangoni ili ijulikane kama mke ametoka, na ile ada ya kila siku ambapo Bwana alimketisha mkewe amsimulie siku nzima, na kila alipojikwaa akaambiwa, tuanze tena, polepole. Alitumaini kwamba jambo lile likichezwa mezani, kati ya vicheko na soda, lingepungua ukubwa.

"Kabla hajaketi," Orville aliendelea, "anatoa uzi wa kijani mfukoni. Analamba ncha yake, anaubandika kwenye mwimo wa mlango. Anatabasamu."

"Anaulamba?" Lyle alisema. "Mwalimu, huyu jamaa hana adabu. Nampiga shoka." Orville alimfundisha Lyle darasa la kumi na moja, na tangu hapo Lyle hakuwahi kumwita jina jingine.

"Hata hujajua ni nani."

"Ndiyo maana nampiga mapema."

Mai Kou alicheka. Thea alimeza jibini. Katika kurasa zake uzi haukuwa na rangi. Haukulambwa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata hakimu wa Ohio, kwamba Royce aliulamba uzi.

Aliomba mapumziko, akamfuata Orville jikoni juu. Orville alikuwa ameinama mbele ya oveni, akitoa bakuli la viazi na nyama ya kusaga, miwani imejaa mvuke.

"Ule uzi," Thea alisema. "Rangi yake umeitoa wapi?"

"Umekupendeza, eh?" Uso wake uling'aa kwa furaha ya fundi aliyesifiwa. "Siwezi kudai ni wangu. Nilikwama, Thea. Kurasa zako zilikuwa nzuri mno, nikaogopa kuziharibu. Basi nikaziweka kule kwenye jukwaa letu la wasimulizi, mtandaoni, nikaomba ushauri. Ndivyo tunavyofanya wote."

"Uliziweka zote?"

"Jina lako sikuliweka! Majina yenyewe ni ya kubuni: Vesna, Hask. Nani angejua?" Aliweka bakuli juu ya jiko. "Watu kumi na wawili walijibu. Lakini mmoja, bwana wee, anamwelewa yule Bwana kuliko mimi. Uzi ni wake. Glavu ni zake. Tumeandikiana wiki tatu. Ni mpima ardhi."

Thea alishika ukingo wa meza. Royce alikuwa mpima ardhi. Zamani aliwahi kumcheka kwa mchezo huu, alioucheza tangu chuoni, akamwambia kwamba hata angetorokea wapi, angekutwa kwenye meza kama hii. Kumbe hakuwa akicheka. Alikuwa akiweka alama mahali pa kuja kutafuta.

"Orville. Umemwambia tunakaa wapi?"

Furaha ilianza kumtoka usoni mzee, taratibu. "Alisema kazi inamleta upande huu. Aliomba aje atazame tu. Nilitaka iwe zawadi, umwone mtu aliyependa kazi yako." Alitazama saa ya ukutani. "Leo. Saa kumi."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Thea alichukua koti lake kwenye msumari, akaingiza mkono mmoja, kisha akatazama nje ya dirisha la jikoni. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya jirani aliyekwenda Florida tangu Krismasi, lilikuwapo gari la kijivu. Injini ilikuwa ikinguruma. Vifuta kioo vilipita mara moja, vikatulia. Royce alikuwa na kawaida ya kufika mapema na kungoja.

Thea alirudi nyuma hatua moja, mbali na mwanga, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

*

Aliwaambia kule chini, amesimama. Dakika nne zilimtosha. Aliupita ukweli kama mtu anayetembea juu ya barafu ya mwezi wa tatu, iliyoanza kuyeyuka. Kwamba Bwana wa Hask yupo. Kwamba yuko nje, ndani ya gari. Kwamba tangu amtoroke amehama miji mitatu kabla ya huu.

Kisha Lyle, ambaye Thea hakuwahi kumwona akikosa mzaha, alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Naenda kuongea naye."

"Ukiongea naye atajua nimo humu."

"Basi nakutoa. Lori langu liko hapo nje, unalala chini ya kiti."

"Atakufuata. Halali, Lyle, na hachoki."

Mai Kou alikuwa tayari na simu sikioni, akiongea na afisa wa zamu wa polisi. Walimsikia akijibu maswali: ndiyo, amri ya mahakama ya kumzuia asimkaribie ilikuwapo, ndiyo, ya Ohio, hapana, muda wake ulikwisha miaka miwili iliyopita. Alifunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama ametishia. Anasema mtu kuja kucheza mchezo si kosa. Wakipata vitisho watahitaji pia anwani yake ya sasa, wamfikishie karatasi za mahakama. Barabara kuu kuna ajali kumi na moja. Atatuma gari likipatikana."

"Tumfungie mlango," Orville alisema. Alikuwa amezeeka ndani ya robo saa. "Nimwandikie kwamba nimeugua."

Thea alitikisa kichwa. Alimjua Royce jinsi mtu anavyoijua ngazi ya nyumbani kwake gizani. "Amekuja kutafuta jibu. Asipolipata atakaa palepale aone nani anatoka. Kesho atakuja tena. Akipewa jibu, huenda akaondoka nalo." Wazo lililokuwa likija lilimtisha kuliko gari. "Lazima mtu mwingine awe ameandika zile kurasa. Na lazima awe ameyasikia kwa mwanamke aliyekwenda mbali."

Mai Kou alivuta kiti. "Mimi. Haya, nipe maisha yake."

Basi wakatengeneza, kwa dakika ishirini na tano, kazi waliyoizoea kuliko kazi yoyote: mtu asiyekuwapo, mwenye jana. Mwanamke mwenye kidole kilichopinda, aliyeingia katika duka la dawa la mji wa Duluth miaka mitano iliyopita, Mai Kou alipokuwa akifanya kazi huko. Alinunua dawa ya maumivu, akakaa kwenye kiti cha kupimia presha akingoja basi, akasema mengi, kama wanavyosema wasafiri kwa mtu ambaye hawatamwona tena. Alikuwa akienda Arizona.

"Atakufanya urudie," Thea alisema. "Mara ya pili usiseme vilevile. Aliyekariri hasahau kitu, naye anajua hilo. Sahau koti. Sahau siku. Lakini lile basi usilisahau." Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna iliyomshangaza mwenyewe. "Na umpe kitu cha kukuaibisha. Mtu mwenye aibu haulizwi kwa nini anasitasita."

"Ni siri ya mteja wangu," Mai Kou alisema baada ya kufikiri. "Nimeiandika kwenye mchezo. Hiyo inatosha kuniaibisha."

Ilibaki dakika saba Thea alipoiona karatasi ya Vesna mezani. Nguvu, wepesi, majeraha, mali, vyote vilikuwa kwa mwandiko wake, na Royce aliwahi kumlaza na njaa kwa ajili ya mwandiko ule. Mai Kou alinyakua karatasi mpya, akanakili, penseli ikikimbia. Thea alikunja ile ya zamani pamoja na zile kurasa mbili, akazitia ndani ya sweta. Buti zake alizichukua mkononi, na koti lake.

Kengele ya mlango ililia kabla saa ya ukutani haijafika saa kumi.

*

Chumba cha tanuri kilikuwa pembeni mwa kile walichochezea, kikitenganishwa na mlango wa mbao nyembamba. Ndani yake tanuri la kupasha nyumba joto lilinguruma sawasawa, na Thea alisimama kati ya tanuri na makopo ya rangi, mgongo ukutani, buti kifuani.

"Karibu, vua tu viatu hapo," Orville alikuwa akisema. "Barabara ilikuwaje?"

"Safi. Watu wenu wanakwangua vizuri."

Sauti ilikuwa ileile, laini, yenye subira, kama ya mtu anayebeba kikombe chepesi. Thea alizikandamiza buti usoni.

"Mkwanguaji mwenyewe huyu hapa," Lyle alisema. "Asante. Shukrani napewa mara moja kwa mwaka, na leo umeniwahi."

"Na aliyemwandika Vesna?"

"Mimi," Mai Kou alisema. "Kama umekuja kuchukua saini, panga foleni nyuma ya mama yangu."

Kiti kilivutwa. "Mzee aliniambia ni mtu mkimya."

"Mzee amefundisha watoto wa miaka kumi na sita maisha yake yote. Kwake, asiyerusha chaki ni mkimya."

Lyle alicheka, kwa nguvu kidogo kupita kiasi. Mgeni hakucheka. "Vidole vyako vizima," alisema.

"Vya Vesna ndivyo vilivyovunjika, bwana. Vyangu nahesabia vidonge."

"Basi ulivitoa wapi?"

Mai Kou alinyamaza, na Thea, gizani, alimsifu kwa ukimya ule. "Ningependa tusiliongelee."

"Mimi ningependa."

Mai Kou akaeleza, kwa kusitasita, kwa aibu. Duluth, kiti cha presha, koti la kahawia, basi la saa saba, Arizona. Alimaliza. Dadu moja iligongwa mezani, polepole, na mkono ambao haukuwa wa mmoja wao.

"Tuanze tena," Royce alisema. "Polepole."

Safari hii Mai Kou alianza na dawa, akasahau kiti, akakirudia. Koti likawa la bluu.

"Mara ya kwanza lilikuwa la kahawia."

"Nilisema kahawia? Basi kahawia. Au hilo lilikuwa la aliyemfuata. Bwana, ni miaka mitano, na siku hiyo niliwahudumia watu tisini."

"Lakini lile basi unalikumbuka."

"La saa saba. Kila baada ya dakika alikuwa anatazama saa yangu ya ukutani, mpaka na mimi nikaanza kuogopa lisije likamwacha."

Kisha Royce akauliza, kwa upole, "Naweza kuiona karatasi yake?"

Ilikuwa wakati huo ambapo tanuri, nyumba ikiwa imefikia joto lake, lilizimika. Mlio mdogo wa chuma, na ngurumo yote iliyokuwa imemfunika Thea ikaondoka kama blanketi lililovutwa. Aliweza kusikia karatasi ikiteleza juu ya meza. Aliweza kusikia soksi za mtu zikisogea juu ya zulia. Alifunga mdomo, akaishika pumzi.

"Penseli inatoka," Royce alisema. "Tazama kidole changu. Hii imeandikwa leo."

Thea alihesabu. Moja, mbili, tatu.

"Si Vesna amepanda daraja leo!" Lyle alilipuka. "Kila mhusika wake akipanda daraja lazima anakili upya, kama mtoto wa shule. Ni ugonjwa. Tazama yangu mimi: hii ni haradali ya mwaka juzi, na hii nadhani ni damu."

"Ni ketchup," Mai Kou alisema.

"Mimi naiita damu."

Kiti kilisogezwa nyuma. "Nimefurahi," Royce alisema. "Mna meza nzuri. Kuna nafasi ya mmoja?"

Na hapo Orville alifanya lile ambalo mdomo wake ulikuwa umelifanya miaka thelathini na mmoja kila alipoulizwa swali hilo. "Kila mara," alisema. "Chukua fomu. Juu unajaza jina lako na mahali pa kukupata, tukuarifu theluji ikituzuia. Kisha kurasa mbili za mhusika wako."

Thea alifumba macho.

"Nitaandika," Royce alisema. "Naye nimemfikiria siku nyingi."

Gari la kijivu lilibaki ng'ambo ya barabara dakika sita baada ya mlango kufungwa, kisha likaelekea barabara kuu, upande wa kusini. Polisi walipita saa kumi na moja, wakachungulia, wakaenda zao. Thea alipotolewa chumba cha tanuri, alama za soli za buti zilikuwa zimechorwa mashavuni mwake, maana alikuwa amezikandamiza usoni.

"Fomu, Mwalimu?" Lyle alisema. "Umempa *fomu*?"

Orville aliketi, akaficha uso. Lakini Lyle aliamini kwamba wameshinda, akasema hivyo mara tatu, na Thea, akinywa chai ambayo hakuionja, alitaka sana kumwamini. Alihamia kwa Mai Kou. Jumatatu alikwenda kazini, akachonga meno sita ya juu, yote yakawa mabaya.

*

Kurasa zilifika Jumatano. Orville alizichapa, akazileta mwenyewe kwenye duka la dawa saa sita mchana, na Mai Kou akamwita Thea. Walizisoma wakiwa wamesimama kati ya rafu za dawa za kikohozi. Hazikuwa mbili. Zilikuwa kumi na moja, zimepangwa kwa unadhifu wa kutisha.

Mhusika aliitwa Bwana wa Hask. Mkewe alikuwa ameibwa na uongo wake mwenyewe. Bwana alimtafuta katika mji wa viwanda vya karatasi, akafika siku nne baada ya mke kuondoka, akalala katika chumba kilekile alichopanga. Alimtafuta katika mji wa daraja linaloinuliwa. Alimtafuta katika mji wa chuo juu ya kilima, na huko alisimama nyuma yake kwenye foleni ya mkate, karibu kiasi cha kunusa nywele zake, akaamua kwamba bado.

Thea alisoma mstari huo, kisha akausoma tena. Miji yote mitatu, kwa mpangilio wake. Kwa miaka yote ile alidhani ameondoka mapema. Kumbe aliachiliwa.

"Usiendelee," Mai Kou alisema. "Mwenzangu, niachie nisome mimi."

Aliendelea. Aya ya mwisho ilikuwa fupi.

*Siku moja Bwana alifika kwenye nyumba ambamo watu watatu walimdanganya kwa upole mwingi. Aliwasamehe. Tanuri lilipozimika alisikia, nyuma ya mlango wa mbao, mtu akiishika pumzi, naye akaitambua pumzi ile. Hakufungua. Mlango utafunguliwa Jumapili, mezani, mbele ya wote, na mke hatatoka tena kwa miguu yake.*

Mapovu yalipanda ndani ya mtungi wa maji wa dukani. Mteja mmoja mzee alikuwa akiuliza habari za matone ya macho.

Msukumo wa kwanza wa Thea ulikuwa ule wa zamani: begi, mafuta ya gari, njia ya magharibi, jina jingine. Alikuwa na muda wa saa tano hivi kabla ya giza kuingia. Angeweza kuwa yatima tena kabla ya kesho, katika mji usiomjua. Mikono ilikwisha kuanza kufunga koti.

"Thea," Orville alisema. Alikuwa hajaketi tangu afike, kofia mikononi, kama mtu anayengoja adhabu. "Tazama mwanzo."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa ile fomu ya meza. Royce alikuwa ameijaza kwa herufi za mpima ardhi, kila mstari, kwa maana hakuwahi maishani kuacha nafasi tupu katika fomu. *Jina la mchezaji: Royce Haldane.* Namba ya simu. Na mahali pa kupatikana theluji ikizuia safari: hoteli ya barabarani, chumba cha kumi na saba. Si kusini. Ilikuwa hapahapa, karibu na njia ya kuingilia barabara kuu, dakika kumi na moja kutoka pale waliposimama.

Kitisho, kwa maandishi. Jina. Anwani. Yote matatu yaliyotakiwa na afisa wa zamu.

Thea alikaa sakafuni kati ya rafu. Dakika kumi na moja. Huenda sasa hivi gari la kijivu lilikuwa nje ya duka hili. Kwenda mahakamani maana yake ni kukaa mjini, mahali anapojulikana kuwapo, na kusubiri watu wengine waende kugonga mlango ule kwa niaba yake.

"Nani ataendesha?" aliuliza hatimaye.

"Lyle yuko nje tayari," Orville alisema. "Amelipaki lile lori la kukwangua katikati ya njia. Watu wanampigia honi."

Hakimu alitia saini amri mpya ya kumzuia Royce na hati ya kumkamata saa tisa na nusu, baada ya kusoma kurasa zote kumi na moja bila kuinua kichwa. Usiku ule Thea hakulala, wala Alhamisi asubuhi hakwenda kazini. Alikaa jikoni kwa Mai Kou, begi lake limefungwa karibu na mlango, funguo za gari juu yake. Lyle alikaa dirishani na kikombe cha kahawa kilichopoa. Kila gari lililopita, wote walinyamaza.

Simu ililia saa tano kasoro. Ilikuwa sauti ya mwanamke, afisa Bettendorf.

"Tumempata, dada. Alikuwa ameketi kitandani, viatu amevua, mlango hakuufunga. Kwenye gari kulikuwa na vitu ambavyo nisingependa kukutajia kwa simu. Alituuliza swali moja tu, kama msimulizi amezipenda kurasa zake."

Mai Kou alimwekea mkono mgongoni.

"Atakaa ndani mpaka lini?" Thea aliuliza.

"Mpaka Jumatatu, saa tatu asubuhi. Baada ya hapo ni hakimu. Anaweza kumzuia, anaweza kumwachia kwa dhamana. Sitaki kukudanganya. Lakini hakimu atataka kukusikia wewe, na Haldane atakuwa amekaa chumba hichohicho, hatua chache tu kutoka kwako. Huna lazima. Wengi hawaji."

Begi lilikuwa hatua tatu kutoka mguuni pake. Siku nne zilitosha kufika baharini, upande wowote wa nchi.

"Nitakuja," Thea alisema.

Alipoiweka simu mezani alitaka kuwaambia alichoambiwa, lakini meno yalikuwa yakigongana, naye akalazimika kuyabana kwa mkono. Walikuwa wamekwisha kusikia. Lyle aligeuka dirishani.

"Jumatatu wanatabiri inchi nane za theluji," alisema. "Nitaanza na barabara ya mahakamani."